Amana na Hati: Tarehe ya Tijara katika Nyanda za Bunia

Mji wa Bunia umekaa juu ya nyanda za Ituri, katika kimo kinachozidi mita 1,200, mahali ambapo mvua inaponyesha hugawanywa na ardhi yenyewe: sehemu yake huteremkia mto Shari, ikaingia katika Ituri, ikaitwa Aruwimi, ikamiminika katika mto Kongo na kuishia bahari ya Atlantiki, na sehemu nyingine, upande wa pili wa vilima, huporomoka gengeni hata ziwa Albert, ikafuata mto Naili mpaka Misri. Tijara ya nchi hii nayo haikupata kuelekea upande mmoja. Kwa muda wa karne moja na nusu bidhaa zake zimevutwa mara magharibi, kwa mashua za mto Kongo na reli zake, mara mashariki, kupitia ziwani na Uganda hata Mombasa na Unguja. Na kila upande ulipovuta, ulileta pamoja na nguo zake na bunduki zake sheria yake, sarafu yake, dini yake na kaida zake za kumwamini mtu.

Kwa hiyo mtu atakaye kujua jinsi taasisi za dola na mchanganyiko wa watu zinavyoiongoza biashara baina ya mataifa hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Hapa Ituri walikutana Wahema wachungaji, Walendu na Wangiti wakulima, Waalur wavuvi, Wabira na Walese wa mwituni, na Wambuti wawindaji. Wakaja juu yao Waungwana wa Manyema, Wazungu wa mataifa mbalimbali, Wayunani, Wahindi, na Wanande wa Butembo. Wako wasemao kwamba wingi huu wa watu ni utajiri, na wako wasemao kwamba ndio asili ya balaa. Tarehe ya nchi haiwapi haki wala hawa wala wale. Inayoyaonyesha ni haya: palipokuwapo hukumu ambayo kila mmoja aliikubali, hata kama ilikuwa ndogo, tofauti za watu zilikuwa mtaji, na palipoondoka hukumu hiyo, au ilipogeuzwa kuwa chombo cha upande mmoja, tofauti zile zile zilikuwa silaha.

Hukumu ya kwanza haikuandikwa. Ng'ambo ya ziwa, chini ya genge la Bunyoro, iko Kibiro, ambako tangu karne nyingi watu wamepika chumvi kwa kutandaza udongo juu ya viwanja vilivyolowana maji ya chemchemi za moto, kuuchuja udongo huo, kisha kuyachemsha maji yake vyunguni mpaka yakauke. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, na viwanja vyenyewe vilikuwa milki yao, vikirithiwa kwa upande wa kike, jambo ambalo litamshangaza msomaji aliyezoea kusikia kwamba mwanamke wa zamani hakuwa na fungu katika tijara kubwa. Chumvi ya Kibiro ilivushwa kwa mitumbwi hata upande wa magharibi wa ziwa, ikapanda genge na kuingia katika nyanda ambako mwenye ng'ombe, mwenye nafaka, mwenye samaki na mwenye nyama ya mwituni kila mmoja alikuwa na haja ya mwenzake.

Ama mtu aliyevuka ziwa na mzigo wake alikuwa mgeni, na mgeni asiye na ukoo hakuwa na mtetezi akidhulumiwa. Upungufu huo ulitengenezwa kwa undugu wa kuchanjiana, ambao kwa huo watu wawili wa kabila mbali walionja damu ya wenzao na kuapa kwamba mmoja hatamficha mwenzake chakula wala hatamtoa kwa adui, na kwamba atakayevunja ahadi laana itamwandama yeye na kizazi chake. Hii ilikuwa taasisi kamili, yenye mashahidi, masharti na adhabu, ikiwawezesha watu wasiosemezana kwa lugha moja wala kuabudu kwa namna moja kukopeshana na kulazana majumbani. Upungufu wake ulikuwa mmoja tu: iliwafunga watu wawili na nyumba zao, wala haikuweza kumlinda mtu wa tatu aliyekuja bila ndugu.

Taasisi ya pili ilitoka mbali zaidi. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Maskati na Unguja, aliingia katika mkataba wa urafiki na tijara na Marekani, ambao uliweka ushuru wa asilimia 5 juu ya bidhaa ziingiazo. Na tangu hapo merikani, ile nguo ya pamba iliyofumwa Massachusetts, ilienea bara hata ikawa katika nchi nyingi kipimo cha thamani ya vitu vingine. Forodha ya Unguja ilikodishwa kwa matajiri wa Kihindi, na matajiri wa namna hiyo ndio waliowapa wenye misafara bidhaa kwa mali kauli, yaani mali itolewayo kwa neno la mtu, ikalipwa arudipo na pembe baada ya miaka. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alisafiri kwa mali ya Taria Topan, Mkhoja wa asili ya Kihindi. Wala haikumzuia tajiri huyo kutoa mali yake kwamba mdeni wake alikuwa wa taifa jingine na angeweza kukaa bara miaka mingi bila kuonekana. Mdeni alikuwa na nyumba, mashamba na jamaa Unguja, Seyidi alikuwa na baraza ya kuamulia mashtaka, na mtu aliyevunja amana alijua kwamba hatapata tena mtaji kwa tajiri yeyote wa pwani.

Wasemavyo wahenga, mali bila daftari hupotea bila habari; lakini daftari la Unguja, hata lingekuwa sahihi namna gani, halikuweza kuandika yaliyotendeka mwituni. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alipopita katika msitu wa Ituri, akiwa njiani kumwendea Emin Pasha, aliwakuta Wamanyema wamekwisha kutangulia: Ugarrowwa alikuwa na kituo chake kando ya mto, na Kilonga-Longa, aliyekuwa mtu wa Abed bin Salim, alikuwa na watu wake huko Ipoto. Wapagazi wa Stanley, wengi wao watu wa Unguja waliokwisha kukondeshwa na njaa, walizitoa risasi na hata bunduki za bwana wao ili wapate mahindi kwa wenyeji wa kituo hicho, waliokuwa wakisema nao lugha moja na kushiriki nao dini moja. Basi umoja wa lugha na dini, ambao pwani ulikuwa rehani ya kutosha, huko mwituni haukupunguza bei hata kidogo, kwa sababu hapakuwa na baraza ya Seyidi wala jirani wa kuaibishana naye.

Tena, kituo cha Ipoto hakikuwa soko la watu huru. Pembe iliyotoka Ituri ilipatikana kwa kuchoma vijiji na kushika wanawake na watoto mpaka wenyewe walete meno ya ndovu, na watu wa mwituni hawakuulizwa kama wanaikubali kaida hiyo ya biashara. Tijara iliyokuwa na uaminifu mkubwa baina ya Mhindi na Mwarabu ilikuwa ni unyang'anyi mtupu baina ya Mmanyema na Mbira, na mnyororo ulikuwa mmoja tangu mwanzo hata mwisho. Mwenye kuisifu amana ya matajiri wa Unguja bila kuangalia miguu ya wale waliobeba pembe amesoma nusu ya hesabu.

Mwaka ule ule wa 1887, mwezi wa Februari, Stanley na Tippu Tip walikuwa wametia sahihi mkataba katika ubalozi wa Kiingereza Unguja, ambao kwa huo Tippu Tip alifanywa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold wa Ubelgiji, kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Ni nadra kuona hati moja iliyokusanya mambo mengi kiasi hiki: mfalme wa Kizungu asiyepata kuiona Kongo, mfanyabiashara Mwislamu wa asili ya pwani, balozi wa dola ya tatu akiwa shahidi, na nchi ya watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo. Kila upande ulidhani umeuajiri upande wa pili. Miaka mitano baadaye, tangu 1892 hata 1894, askari wa Leopold na watu wa Kiarabu walipigana vita vilivyomaliza mamlaka ya Waungwana katika Kongo ya mashariki, na mkataba ule haukumfaa mtu.

Nyuma ya mkataba huo ilikuwapo hati kubwa zaidi. Hati ya Berlin, iliyotiwa sahihi tarehe 26 Februari 1885, iliahidi kwamba biashara ya mataifa yote itakuwa huru kabisa katika bonde la Kongo, na kwamba hakuna dola itakayotoa ukiritimba wala upendeleo wa biashara humo; na bonde hilo, kwa mujibu wa maandishi, halikuishia kwenye vyanzo vya mto, bali lilinyoshwa mashariki mpaka bahari ya Hindi. Kwa mtu aliyesoma hati ile, mfanyabiashara wa Bagamoyo angeweza kupeleka msafara wake hata Ituri, akanunua pembe na kurudi nayo, bila kuzuiwa na afisa yeyote. Mkutano wa Brussels wa 1890 uliruhusu ushuru wa bidhaa ziingiazo usiozidi asilimia 10, ukazuia bunduki za kisasa zisipelekwe bara, na zaidi ya hayo uhuru ulibaki katika karatasi kama ulivyokuwa. Lakini mwezi wa Septemba 1891 Leopold alitoa amri ya siri iliyowaagiza watawala wake wa Aruwimi na Uele, na wa Ubangi, wahakikishe kwamba pembe na mpira wa nchi hizo vinakuwa mali ya dola yake. Hivyo sheria mbili zilitawala ardhi moja kwa wakati mmoja, moja ikitangazwa mbele ya mataifa na ya pili ikinong'onwa katika maofisi, na mtu aliyeiamini ile ya kwanza angeweza kupatwa na mauti kwa ajili ya ile ya pili.

Mtu huyo alipatikana. Charles Stokes alizaliwa Dublin mwaka 1852, akaja Afrika ya Mashariki akiwa mtumishi wa misheni ya Kiingereza, akaoa Limi wa nyumba ya kitemi ya Usongo katika Unyamwezi, na kwa sababu ya ndoa hiyo, pamoja na sababu nyingine, akaachana na misheni na kuwa mfanyabiashara wa pembe. Haikupata kuonekana mara nyingi katika zama zile mtu aliyejua kusimama katikati ya watu wa namna mbalimbali kama yeye: wapagazi wake walikuwa Wanyamwezi, jamaa za mke wake, waliomfuata kwa mapenzi, Buganda aliwapelekea silaha mfalme Mwanga na Wakristo wake walipokuwa wakipigania kurudi madarakani, Wajerumani wa pwani walimpa kazi katika utawala wao, na matajiri wa Kiislamu walifanya naye biashara. Uraia wake ulikuwa wa Kiingereza, bendera aliyosafiri chini yake ilikuwa ya Kijerumani, na lugha yake ya kazi ilikuwa Kiswahili.

Mwishoni mwa 1894 aliingia Ituri, nchi iliyokuwa imetoka vitani punde, akakamatwa na maafisa wa dola ya Leopold kwa shutuma ya kumwuzia silaha Kibonge, mmoja wa wakubwa wa Waungwana waliokuwa bado wanapigana. Alipelekwa Lindi, kule kule Kongo, mbele ya Kapteni Hubert Lothaire, akahukumiwa katika baraza ya haraka isiyotimiza sharti za sheria ya dola yenyewe, akanyimwa haki ya kukata rufaa Boma, makao ya dola hiyo, na mwezi wa Januari 1895 akanyongwa. Uingereza na Ujerumani, ambazo hazikuwa zimesema neno juu ya maelfu ya watu weusi waliouawa katika msitu ule ule bila baraza ya aina yoyote, ziliinuka kwa ghadhabu. Dola ya Kongo ikalipa Uingereza faranga 150,000 na Ujerumani faranga 100,000, na Lothaire akashtakiwa mwaka 1896 na kuachiliwa.

Katika kisa hiki imo elimu nyingi juu ya biashara ya kimataifa. Ujuzi wa Stokes wa watu na desturi zao ulimpa kila kitu isipokuwa kimoja: mahakama ambayo angeweza kuikimbilia. Ndoa ilimpa wapagazi, urafiki ulimpa njia, sifa ilimpa mali. Lakini siku alipogombana na dola iliyokuwa mfanyabiashara na hakimu kwa wakati mmoja, hakuna lolote katika hayo lililosimama. Dola iuzayo pembe haiwezi kuhukumu kwa insafu kesi ya mtu mwingine auzaye pembe. Dhuluma hiyo ingemfika vile vile mtu wa kabila lolote na dini yoyote.

Mwaka 1903 wapelelezi wawili wa Kiaustralia, Hannam na O'Brien, waligundua dhahabu katika kijito karibu na Kilo, kaskazini ya mahali ilipo Bunia, na muda si mrefu ikaonekana nyingine Moto, mbali zaidi kaskazini. Kongo ilipokwisha kuwa koloni la Ubelgiji mwaka 1908, machimbo hayo yaliendelea chini ya serikali, mpaka 1926 ilipoundwa kampuni ya Kilo-Moto. Bunia, ambayo wakati huo ilikuwa nyuma ya Irumu kwa heshima ya kiutawala, ilikua kwa sababu ilisimama baina ya machimbo na ziwa. Njia ya bidhaa inastahili kusimuliwa kituo kwa kituo: kutoka Mombasa kwa reli, kisha Namasagali, kisha kwa meli za ziwa Kyoga hata Masindi Port, kisha kwa gari kupitia Masindi hata Butiaba, kisha kwa meli kuvuka ziwa Albert hata Kasenyi au bandari ya Mahagi, kisha kwa magari kupanda genge. Meli ya Robert Coryndon, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilikuwa ya reli ya Kiingereza, na ndani yake zilipita mashine za kampuni ya Kibelgiji. Upande wa magharibi reli ya Vicicongo ilifika Mungbere mwaka 1937, na hapo nchi ikawa na milango miwili, kila mmoja chini ya bendera yake.

Biashara ya rejareja na ya mazao iliangukia mikononi mwa Wayunani na Wahindi, watu waliokuja kwa kuvutana ndugu kwa ndugu, wakifungua maduka katika miji ya Kongo ya mashariki na kukopeshana kwa barua za nyumbani. Mizani ya dhahabu yenyewe ilikumbuka asili hiyo, kwa maana tola, kipimo cha Kihindi cha gramu 11.66, iliingia katika ununuzi wa dhahabu wa nchi hizi na haijatoka mpaka leo. Kazi ya kuchimba ilifanywa na watu wa makabila yote, wengi wao wakiletwa kwa shuruti kupitia machifu wao, na lugha iliyowaunganisha chini ya ardhi na sokoni ilikuwa Kiswahili kile kile kilicholetwa na misafara, ilhali Kifaransa kilikaa katika hati na Kilingala katika jeshi.

Lakini utawala uliofanikisha biashara hii uliwapanga watu kwa madaraja. Uligawa nchi kwa machifu kwa kufuata kabila, ukawapendelea Wahema katika shule na kazi za ofisi, na ukawapa walowezi mashamba makubwa ya ng'ombe na kahawa katika ardhi ya watu. Tofauti ambazo hapo kwanza zilikuwa za riziki, huyu mfugaji na huyu mkulima, sasa ziliandikwa katika vitambulisho na ramani. Mtu hakuona madhara yake upesi, kwa sababu hakimu Mbelgiji alikuwa juu ya wote. Alipoondoka mwaka 1960, maandishi yake yalibaki na kiti chake kikawa wazi.

Misukosuko ilifuatana. Mwaka 1962 Robert Coryndon ilizama Butiaba wakati maji ya ziwa yalipopanda na dhoruba kuipiga, na bandari hiyo ikaachwa. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, akavunja kwa amri moja mtandao wa mikopo ulioanzia pwani. Na tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitakabidhiwa kwa Wazaire. Waliokabidhiwa aghalabu walikuwa watu wa karibu na chama na serikali, na wengi wao waliuza bidhaa zilizokuwamo dukani bila kuweza kuagiza nyingine, kwa maana duka la Myunani lilikuwa na rafu na mizani, lakini mali yake ya kweli ilikuwa barua ya mwuzaji wa ng'ambo aliyemwamini yeye, na barua hiyo haikutaifishwa wala haikuwezekana kutaifishwa. Ilipofika 1976 serikali ilikubali kurudisha sehemu ya mali kwa wenyewe, lakini wengi hawakurudi.

Pengo hilo lilizibwa na watu wa mipakani. Katika soko la Ariwara, karibu na mahali ilipokutana mipaka ya Zaire, Uganda na Sudan, kahawa na dhahabu zilikwenda mashariki, na nguo, sabuni na mafuta yakaja magharibi, kwa magendo yaliyoshinda forodha zote tatu. Na katika Aru na Mahagi shilingi ya Uganda ilipokelewa sokoni kwa imani kuliko fedha ya Kinshasa. Walugbara na Waalur, ambao mpaka wa wakoloni ulipita katikati ya koo zao, waligundua kwamba ujamaa uliokatwa na ramani unaweza kuwa njia ya biashara. Kutoka kusini wakaja Wanande, waliojenga Butembo bila msaada mkubwa wa serikali, wakichanga mitaji, wakijaza kontena moja kwa mali ya watu kadha, na hatimaye wakisafiri wenyewe mpaka Dubai na Guangzhou. Maduka mengi ya jumla ya Bunia ni yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali nayo iliruhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu, jambo ambalo liliihalalisha kazi iliyokuwa ikifanyika usiku.

Amana ya ndugu ilifanya kazi kubwa katika miaka hiyo, na wako walioandika kwamba dola haikuhitajika tena. Yaliyofuata yaliwakanusha. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilikuwa imetangaza kwamba ardhi yote ni mali ya dola, na mtu mwenye elimu na marafiki katika ofisi aliweza kupata hati juu ya kilima ambako wengine waliwazika wazee wao. Mashamba ya walowezi yalipoingia mikononi mwa wachache, wengi wao Wahema, na mahakama zikawa za kununuliwa, Walendu wa Djugu hawakuwa na pa kushtaki; na mwezi wa Juni 1999, wakati jeshi la Uganda lilipokuwa limeikalia Ituri, ugomvi wa mashamba uligeuka vita vya makabila. Maafisa na wafanyabiashara wa pande kadha walipata dhahabu na ushuru wa mipaka kwa kuegemea kundi hili au lile. Watu zaidi ya 50,000, kwa makadirio yaliyotolewa, walikufa, na mamia ya maelfu wakakimbia.

Tarehe 24 Februari 2003 Bogoro ilishambuliwa na raia wengi wakauawa; na atakayeuliza kwa nini Bogoro, aitazame njia ipandayo kutoka Kasenyi kwenda Bunia, ile ile iliyopitisha mashine za Kilo-Moto. Mwezi wa Juni mwaka huo jeshi la Umoja wa Ulaya, likiongozwa na Ufaransa, liliingia Bunia ili kuwalinda watu waliobaki mpaka Umoja wa Mataifa uongeze nguvu. Ujamaa uliokuwa rehani ya mikopo ulikuwa umekuwa orodha ya maadui, kwa sababu amana ya ukoo, kama undugu wa kuchanjiana wa zamani, haina la kumwambia mtu wa nje ya ukoo wakati hakuna hakimu wa wote.

Mahakimu walikuja baadaye, nao walitoka mbali. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliwatia hatiani wakuu wawili wa makundi ya vita vile, Thomas Lubanga mwaka 2012 na Germain Katanga mwaka 2014. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005, iliamua kwamba Uganda ilikuwa mtawala wa kivita katika Ituri na kwamba ilikuwa na dhima ya mali za asili zilizoporwa huko. Na tarehe 9 Februari 2022 iliiamuru ilipe dola milioni 325, ambazo milioni 60 kati yake zilikuwa kwa ajili ya mali hizo za asili. Baina ya hukumu hizo mbili, mwezi wa Machi 2007, Umoja wa Mataifa uliweka vikwazo juu ya kampuni mbili za Kampala zilizonunua dhahabu ya Ituri.

Haikupita miezi miwili tangu hukumu ya fidia, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaikubali Kongo kuwa mwanachama, tarehe 29 Machi 2022, na uanachama ukatimia tarehe 11 Julai. Mdai na mdaiwa waliketi meza moja ya forodha. Wakati huo Ituri ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi uliotangazwa Mei 2021, na tangu Novemba mwaka huo askari wa Uganda walikuwa wamerudi Kongo ya mashariki kwa mwaliko wa serikali. Jumuiya ina ushuru mmoja wa nje na ina mahakama yake Arusha, na kwa maandishi eneo lake linafanana kwa ajabu na lile la hati ya Berlin, likinyoshwa kutoka Atlantiki hata bahari ya Hindi.

Mfanyabiashara wa Bunia ana haki ya kuzisoma hati hizi kwa furaha na kwa hadhari pia. Anajua lugha tatu au nne, ana ndugu Kampala na rafiki Dubai, na anajua kumwamini mtu wa dini nyingine kwa sababu babu zake walifanya hivyo. Katika ujuzi huu hapungukiwi kitu. Kinachompungukia ndicho kilichompungukia Stokes, na kilichompungukia mkulima wa Djugu, nao ni watu wawili ambao hawangetambuana njiani: hakimu asiyekuwa mshiriki katika biashara anayoihukumu. Mikataba ya mataifa itapimwa Ituri kwa jambo hili hili, kwamba mchuuzi aliyenyang'anywa mzigo wake Kasenyi au Mahagi, awe wa kabila gani au wa upande upi wa ziwa, anaweza kumshtaki aliyemnyang'anya, akasikilizwa na akalipwa. Likiwezekana hilo, wingi wa watu wa Bunia utakuwa mtaji kama ulivyopata kuwa. Lisipowezekana, ushuru ukipunguzwa namna gani, hesabu itaangukia tena vichwani mwa wale wasiokuwa na hati wala bunduki.